Mzee wa Picha Anajibu: Namba Sita, Kijiji na Lile Puto Jeupe

Toleo lililopita niliitaja tamthilia ya Uingereza iitwayo The Prisoner kwa mstari mmoja tu, nayo barua zikamiminika. Nimefurahi mno, maana hii ni kazi ninayoipenda tangu nilipokuwa kijana katika chumba cha kukatia filamu. Basi safari hii ukurasa mzima ni wake.

Kwa asiyeijua: jasusi wa London anajiuzulu kwa hasira, anarudi nyumbani kufunga mizigo, gesi inapulizwa kupitia tundu la ufunguo, anazimia. Akizinduka, chumba ni kilekile, lakini nje ya dirisha kuna kijiji cha rangi za kupendeza kando ya maji, ambako hakuna anayeitwa kwa jina lake. Yeye ni Namba Sita. Msimamizi wa Kijiji ni Namba Mbili, na huyo hubadilishwa karibu kila sehemu. Wanataka kitu kimoja kutoka kwake: kwa nini ulijiuzulu? Hasemi. Habari ndiyo hiyo, sehemu 17, zilizoanza kuonyeshwa Uingereza tarehe 29 Septemba 1967 na kumalizika Februari 1968. Stelingi wake, Patrick McGoohan, ndiye pia aliyekuwa nguvu yake kubwa nyuma ya kamera.

Nawatahadharisha mapema: barua kutoka Mombasa, karibu na mwisho, inafichua mambo ya sehemu ya mwisho. Asiyetaka kujua aiache.

Mzee wa Picha, shikamoo. Mpwa wangu aliyeko Birmingham ameniletea tamthilia hiyo. Kila lile puto jeupe likitokea, watoto wanaangua kicheko. Kwani walikosa pesa ya kutengeneza dude la kutisha? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Pesa hawakukosa, na dude walilitengeneza. Mlinzi wa Kijiji, ambaye mashabiki wanamwita Rover, alibuniwa kuwa mtambo hasa: chombo cha magurudumu kilichofunikwa kwa umbo la kuba, na taa ya buluu ya kuzunguka juu yake. Kilitakiwa kikimbie nchi kavu, kipande kuta na kiingie majini. McGoohan alisimulia mwaka 1977, katika mahojiano ya televisheni nchini Kanada, jinsi mtambo huo ulivyoingia majini na usitoke tena. Waigizaji wapo, kamera ziko tayari, mlinzi yuko chini ya maji. Msimamizi wa utayarishaji, Bernard Williams, alikuwa amesimama kando yake. Akatazama juu, akaona puto la watu wa hali ya hewa linapita angani. Akatumwa akatafute mengine kama lile, akarudi na gari limejaa.

Sasa naomba uwatulize watoto, uwaonyeshe tena sehemu ya kwanza, "Arrival". Pale uwanjani Namba Mbili anaamuru watu wote wasimame, na Kijiji kizima kinaganda. Kijana mmoja peke yake anaendelea kuhangaika. Puto linamwendea, linamfunika uso, na unaona umbo la mdomo wake likisukuma ule utando mweupe kwa ndani. Hakuna damu wala meno. Ule mtambo wenye taa ungekuwa tayari umechakaa machoni petu leo, kwa sababu mashine huzeeka. Kitu kisicho na uso hakizeeki. Mimi nimekata filamu za kila aina, na nasema bila kusita kwamba bahati ile ya kule ufukweni iliiokoa tamthilia.

Mzee, nasikia Kijiji kile ni mahali pa kweli na watu wanalala huko. Ni wapi? Na katika hadithi yenyewe kiko nchi gani? (Msomaji, Muscat)

Ni pa kweli. Panaitwa Portmeirion, kaskazini mwa Wales, pale mto Dwyryd unapokutana na bahari. Msanifu majengo Clough Williams-Ellis alianza kupajenga mwaka 1925 na kazi ikaendelea hadi 1975, alipokuwa amevuka miaka 90. Mengi aliyabuni mwenyewe kwa mtindo wa miji ya pwani ya Italia, na mengine aliyaokoa: nguzo, madirisha na vipande vya majengo ya watu yaliyokuwa yanabomolewa kwingineko, akavisafirisha na kuvijenga upya pale. Ndiyo maana macho hayatulii. Hata ile jahazi iliyoegeshwa mbele ya hoteli haielei, imejengwa kwenye ukuta wa ufukwe. Kulala unaweza, kwenye hoteli yenyewe au kwenye nyumba ndogondogo za kijijini. Nyumba ya Namba Sita ni ya mviringo na ni ndogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa vyumba vya ndani tunavyoviona vilijengwa studio, kule Borehamwood karibu na London.

Upigaji picha Portmeirion ulianza Septemba 1966, na jina la mahali likafichwa kwa watazamaji. Lilikuja kuandikwa kwenye skrini mwanzoni mwa sehemu ya mwisho tu, pamoja na shukrani kwa Williams-Ellis. Fikiria miezi yote hiyo Waingereza wanaulizana kijiji kile kiko nchi gani, kumbe kiko kwao.

Katika hadithi, jibu linabadilika, na kubadilika huko ni sehemu ya mateso. Katika "Many Happy Returns" Namba Sita anatoroka kwa chelezo, anafika London, na hesabu za safari yake zinaelekeza upande wa Moroko na Ureno. Katika "The Chimes of Big Ben" mwanamke anayejiita Nadia anamwambia wako Lithuania, pwani ya bahari ya Baltiki. Hapo lazima nisimame kidogo, kwa sababu ndipo penye kitu nilichokiona kwa jicho la kazi yangu.

Wawili hao wanatoroka, wanafungiwa ndani ya kasha kama mizigo, wanasafirishwa, na hatimaye wanatoka ndani ya ofisi ya wakubwa wa Namba Sita, London. Nje zinasikika honi na magari. Big Ben inagonga mara nane. Namba Sita amechoka, anakaribia kusema siri yake. Kisha anaitazama saa ya mkononi aliyopewa na mtu aliyewapokea njiani, Poland. Nayo inasema saa ileile. Lakini kati ya Poland na Uingereza kuna tofauti ya saa moja. Hakuna safari iliyofanyika. Anaifuata sauti ya mji hadi ilipojificha, anachomoa waya wa kinasa sauti, na London yote inanyamaza papo hapo. Anafungua mlango: Kijiji.

Kwa mtu aliyewahi kukaa usiku akiunganisha sauti ya barabara na picha ya chumba kilichojengwa kwa mbao, hiyo ni siri ya ufundi wetu imetolewa hadharani. Sisi ndivyo tunavyowahadaa watazamaji kila siku: mnaona dirisha, mnasikia honi, mnaamini mji. Waliotengeneza sehemu ile walichukua hila ya kazi yao wenyewe wakaifanya kuwa hila ya adui. Sijaona tamthilia nyingine iliyoniheshimu hivyo.

Hapa kazini tunabishana. Mimi nasema Namba Sita ni yuleyule John Drake wa Danger Man. Mwenzangu anakataa. Nani kashinda? (Msomaji, Nairobi)

Kila mmoja ana shahidi mzito. McGoohan alikuwa amecheza jasusi John Drake tangu 1960 katika Danger Man, akawa mmoja wa waigizaji wanaojulikana sana katika televisheni ya Uingereza. Aliiacha kazi hiyo ili afanye hii, yaani jasusi maarufu alijiuzulu pande zote mbili, ndani ya hadithi na nje yake. George Markstein, mhariri wa miswada aliyeshiriki kulizaa wazo hili, alisema waziwazi kwamba mfungwa yule ni Drake. Wazo lenyewe alilihusisha na Inverlair Lodge, nyumba ya Scotland ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali iliwaweka watu wanaojua siri nyingi mno. McGoohan naye alikana kila alipoulizwa. Baadaye wawili hao waligombana na Markstein akaondoka kabla kazi haijaisha.

Sura ya Markstein, hata hivyo, ilibaki. Yule bwana mwenye upara na miwani aliyekaa nyuma ya meza mwanzoni mwa sehemu nyingi, anayepigiwa barua ya kujiuzulu mezani kwa kishindo, ndiye yeye. Kila wiki McGoohan anamfokea mwandishi wake.

Hukumu yangu inamwelekea mwenzako. Katika "Arrival" Namba Sita anataja tarehe yake ya kuzaliwa: 19 Machi 1928. Hiyo si tarehe ya Drake. Ni ya McGoohan mwenyewe.

Nimepata orodha tatu tofauti za mpangilio wa sehemu zake. Nifuate ipi? (Msomaji, Leicester)

"Arrival" iwe ya kwanza. "Once Upon a Time" na "Fall Out" zifuatane mwishoni. Katikati hapo hata waliobobea hawapatani, kwa sababu zilionyeshwa kwa utaratibu usiolingana na ule wa kuzitengeneza. Ushahidi uko ndani ya sehemu zenyewe ukiwa na subira. "Dance of the Dead" ilirushwa ya nane, ilhali ndani yake Namba Sita anasema ni mgeni pale. Ipandishe juu. Halafu kuna Colin Gordon, aliyecheza Namba Mbili mara mbili. Katika "A. B. and C." anaonekana mtu aliyekwisha kuonywa, simu nyekundu ikilia anatetemeka, na katika maneno ya ufunguzi hasemi yeye ni Namba Mbili "mpya" kama wenzake. Kwa hiyo mimi hutazama kwanza "The General", ambamo anashindwa vibaya, ndipo nije kwenye hiyo. Walizirusha kinyume chake. Ukizipanga hivi, hofu ya yule bwana inapata sababu.

Babu yangu alikuwa akisoma Uingereza miaka ile na anasema aliitazama bila rangi. Mbona mimi naiona ina rangi kali? (Msomaji, Unguja)

Babu yako anakumbuka sawasawa. Ilipigwa kwa filamu ya rangi, kwa kuwa kampuni ya ITC ya Lew Grade ililenga kuiuza Marekani. Lakini chaneli ya ITV haikuanza kurusha rangi hadi Novemba 1969. Kwa hiyo zile kofia, ile miavuli yenye mistari na yale majengo ya waridi na buluu, Waingereza wengi waliviona kwanza kwa kijivu. Kwenu Unguja, runinga ilipoanza miaka ya 1970, ilianza moja kwa moja na rangi. Mpe babu salamu zangu na umwombe aitazame upya.

Maswali mafupi yaliyokuja kwa wingi

Mtumishi mfupi asiyesema neno hata moja ni Angelo Muscat, mzaliwa wa Malta. Alifariki mwaka 1977.

Muziki wa kufungulia ni wa Ron Grainer, Mwaustralia aliyetunga pia ule wa Doctor Who.

Gari la Namba Sita ni Lotus Seven, namba KAR 120C. Lile la mwanzo lilikuwa limeshauzwa wakati wa kupiga sehemu ya mwisho, ikabidi lingine livalishwe namba hiyohiyo. Lililetwa na Graham Nearn wa Caterham, na kampuni yake ndiyo iliyokuja kurithi utengenezaji wa aina ile ya gari.

Sehemu ambayo Namba Sita ana sura ya mtu mwingine, Nigel Stock, ilizaliwa na ratiba: McGoohan alikuwa Marekani akicheza filamu ya Ice Station Zebra. Waandishi wakamhamishia akili yake katika mwili mwingine. Kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote.

Ile yenye mandhari ya wachunga ng'ombe wa Marekani ni "Living in Harmony". Marekani kwenyewe, CBS ilipoonyesha tamthilia hii mwaka 1968, sehemu hiyo iliachwa nje.

Majina "Joseph Serf" na "Paddy Fitz" mnayoyaona kwa mwongozaji na mwandishi yote ni McGoohan. La pili alilikata kutoka jina la ukoo wa mama yake, Fitzpatrick.

Kuna toleo jipya nililoliona lina jangwa. Ni la wapi? (Msomaji, Bujumbura)

Ni bara letu. Mwaka 2009 AMC ya Marekani na ITV walitengeneza upya sehemu 6, Jim Caviezel akiwa Sita na Ian McKellen akiwa Mbili, wakaipiga Namibia, mji wa Swakopmund, penye nyumba za Kijerumani zilizosalia tangu ukoloni na mchanga unaoanza pale barabara inapoishia. Mahali pamechaguliwa vizuri ajabu. McKellen anastahili kutazamwa. Ila Sita huyu mpya ni mtu aliyechanganyikiwa, anayetafuta kumbukumbu zake, na mimi nilimkosa yule wa zamani ambaye kila kitu anakikumbuka na hasemi. McGoohan alifariki Januari mwaka huohuo, kabla halijaonyeshwa.

Mzee, nimemaliza zote na nimekasirika. Hivi Namba Moja ni nani? Na kwa nini mwisho ule wa vurugu? (Msomaji, Mombasa)

Hukukasirika peke yako, mwanangu. "Fall Out" iliporushwa, simu za malalamiko zilifurika, na McGoohan alisema baadaye kwamba ilimbidi ajifiche. Watu walikuwa wamesubiri miezi wakitaraji adui mkubwa, huyo Namba Moja aliye juu ya Namba Mbili, kiti chake kigeuzwe tumwone uso. Wakapewa mtu mwenye joho na barakoa. Namba Sita anaivuta barakoa, chini yake kuna nyingine ya nyani, anaivuta na hiyo, na chini yake ni uso wake mwenyewe unaocheka kama mwendawazimu. McGoohan alieleza katika yale mahojiano ya 1977 kwamba adui mbaya kuliko wote ni yule aliye ndani ya mtu mwenyewe.

Ukirudi nyuma utaona hakukuibia. Karibu kila ufunguzi Namba Sita anauliza: Namba Moja ni nani? Anajibiwa kwamba yeye ni Namba Sita, na maneno yale ya Kiingereza, ukiweka kituo kidogo katikati, yanasikika kama jibu kamili: ni wewe, Namba Sita. Na nyumba yake ya London imeandikwa 1 mlangoni.

Lakini nataka uujue upande wa mafundi, kwa kuwa vurugu ile nayo ina sababu zake. "Once Upon a Time" haikutengenezwa kwa ajili ya mwisho. Ilipigwa mapema, ikawekwa kabatini, takriban mwaka mzima kabla ya "Fall Out". Ni watu wawili karibu muda wote, McGoohan na Leo McKern akiwa Namba Mbili, wamefungiwa chumbani wakihojiana hadi mmoja aanguke. Wote wawili waliicheza kwa nguvu mno hata McKern akaugua wakati wa kazi. Ilipofika zamu ya sehemu ya mwisho, ikabidi McKern aitwe tena, aendelee pale alipoachia. Ndevu na nywele zake hazikuwa zile tena. Ndiyo maana Namba Mbili anapofufuliwa anapakwa povu la sabuni na kunyolewa. Watazamaji wameandika mengi kuhusu maana ya kunyolewa kule, kuzaliwa upya na kadhalika, na mimi siwakatazi, maana McKern anatoka kwenye povu lile akiwa kweli ni mtu mwingine.

Naye Kenneth Griffith, anayecheza hakimu wa baraza la wale waliofunika nyuso, aliachiwa aiandike hotuba yake mwenyewe. McGoohan aliiandika na kuiongoza sehemu ile huku kazi ikiwa inafungwa. Alitaka sehemu 7 tangu mwanzo, Grade alihitaji zaidi kwa soko la Marekani, wakakutana kwenye 17. Unaona uchovu wa mtu aliyebeba zote hizo, na unaona pia kwamba alikataa kutoa mwisho wa uongo. Angeweza kutuletea jenerali wa Kirusi au waziri wa Kiingereza, tukalala tumeridhika, na leo hii usingekuwa umeniandikia.

Nakuomba uitazame mara ya pili na uache kumtafuta Namba Moja. Mwangalie mtumishi. Wanapofika London, mlango wa ile nyumba yenye 1 unajifungua wenyewe kumpisha, kwa sauti ileile ya milango ya Kijiji.

Nina usiku mmoja tu wa kuazima diski. Nitazame sehemu zipi? (Msomaji, Moshi)

"Arrival" kwanza, halafu "The Chimes of Big Ben". Ukibaki macho, ongeza "Hammer into Anvil", ambamo Namba Sita anamvunja Namba Mbili kwa kumfanya aogope kivuli chake mwenyewe. Patrick Cargill anaigiza kuporomoka kwa mtu mwenye madaraka vizuri kuliko nilivyowahi kuona kwenye skrini yoyote. "Fall Out" usiiguse usiku huo.